Hadi Liuli Bila Shikamoo

Haya, wenzangu wa jumuiya, nimechoka kusimulia kipande kipande. Mmoja nilimpa habari ya basi tukiwa kisimani, mwingine nikampa habari ya samaki baada ya misa, mkaenda mkaunganisha wenyewe, na sasa Matiri nzima inasema nilipigana na Mnaijeria stendi ya Mbinga. Sikupigana na mtu. Nimeona niandike yote, msome, mkimaliza mniache nichambue maharage yangu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo la tatu nililimaliza, tofauti na wengine humu ninaowafahamu. Mkiona mistari inapanda na kushuka, huku kwetu kuna nini kisichopanda na kushuka.

Na swali lenu kubwa nalijua. Hamuulizi nilikula nini wala kama nilifika salama. Mnauliza: "Alikuamkia, au hakukuamkia?" Tulieni. Nitafika huko.

Kwanza niwaeleze wasiojua. Binti yangu Redempta anashona nguo Liuli, kule ziwani. Alipokuwa Dar es Salaam aliolewa na mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Nijeria, mtu wa kabila la Wayoruba, mrefu, mpole, anacheka kabla hujamaliza kichekesho. Alifariki mtoto wao akiwa bado mdogo. Mtoto ndiye huyo Yetunde. Jina alipewa na baba yake, na maana yake niliambiwa ni kwamba mama amerudi, yaani bibi mzaa baba alikufa, sasa amerudi kwa sura ya mtoto. Nikawauliza, na mimi bibi niliye hai, niliyekaa hapa na kanga ya kumpokelea, mimi ni nani? Nikang'ang'ania abatizwe Marta. Akabatizwa Marta. Hakuna anayemwita Marta.

Sasa Yetunde ni mtu mzima, na tangu apate simu ya kugusa anamtafuta baba yake humo ndani. Anatafuta mambo ya kwao. Anakoroga uji mzito wa muhogo, anauchora juu ya kitambaa cheupe kwa unyoya wa kuku, ukikauka anatumbukiza kitambaa kwenye rangi ya buluu. Akiosha, uji unatoka, na pale ulipokuwa panabaki peupe. Anasema ndiyo kazi ya wanawake wa kwa baba yake. Mimi nikamwambia watu wanatafuta muhogo wa kutia tumboni, wewe unaupaka kwenye nguo. Halafu anasimulia hadithi za Kobe, za huko huko kwa baba. Huyu mtoto likizo zake zote alizimalizia hapa kwangu, analala na hadithi zangu anaamka nazo. Hilo liliniuma, niseme ukweli.

Lakini linalomtesa mwenyewe ni dogo kwa kulisikia. Baba yake alikuwa akimwamsha asubuhi kwa jina jingine, jina la sifa, la kubembelezea, ambalo kwa Wayoruba mtoto hupewa na wakubwa wake. Redempta hakulishika. Yetunde anakumbuka mkono juu ya kichwa chake na sauti ya baba, jina halimjii. Akampigia shangazi yake Nijeria. Shangazi akasema jina la namna hiyo haliitwi kwenye simu. Atakuja mwenyewe, amwangalie huyo mtoto, ndipo aamue kama ataliita.

Aamue. Mnaisikia lugha hiyo?

Redempta akanipigia, "Mama, basi lake linapita Kitai. Panda hapo, msindikize mpaka huku, asipotee." Nikakubali, na wala si kwa upendo. Nilitaka kumwona mtu anayekuja kuamua juu ya mjukuu wangu. Na nilikuwa na hofu. Nilijua akishaliita hilo jina mtoto ataifuata sauti hadi Nijeria, nami nitabaki hapa nawasimulia mbuzi.

Matiri hadi Kitai

Pikipiki ilinibeba mimi, gunia la maharage ya mtu nisiyemjua, na kuku wangu wawili wa zawadi. Kijana akasema, "Bibi, shika vizuri." Nikamuuliza nishike wapi, maana mbele yangu gunia na nyuma yangu hewa. Marehemu mume wangu njia hiyo aliitembea kwa miguu na debe la asali kichwani, na alifika bila vumbi masikioni. Siku hizi wanasema maendeleo. Maendeleo ni kufika mapema na kiuno kikiwa kimebaki njiani.

Kitai nako, Mungu anisamehe, ni mji wa watu wanaosema "sasa hivi." Nilimuuliza mama anayechoma mahindi, basi la Mbinga linapita lini? "Sasa hivi, Bibi." Nikanunua hindi, nikala. Basi hakuna. Nikamuuliza muuza mayai. "Sasa hivi tu." Nikala yai. Baadaye nikagundua kwamba anayesema sasa hivi daima ni mtu mwenye kitu cha kukuuzia. Nilimpata mzee mmoja asiyeuza chochote, amekaa tu juu ya tairi, nikamuuliza yeye. Akasema, "Hilo basi limeharibika huko nyuma tangu asubuhi." Huyo ndiye mtu pekee mkweli wa Kitai, na hana hata kigoda.

Kitai hadi Mbinga

Basi lilipofika, sikuhitaji kuuliza shangazi yuko wapi. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa kigumu kinachong'aa, kimesimama na kupanuka kama paa la kanisa jipya, na abiria wa nyuma yake alikuwa anasafiri bila kuona mbele. Kiti cha dirishani amekalia yeye, kiti cha pili kimekaliwa na mkoba wake. Mwanamke mnene, mzuri, wa umri kama wangu hivi.

Nikasimama mbele yake, nikangoja.

Maana tuelewane. Mimi ni mama mzaa mama. Yeye amekuja kwetu. Wa kusema Shikamoo ni yeye, ama kama hajui neno, basi hata ainamishe kichwa. Yeye akaniangalia magoti. Hakuangalia uso, magoti. Nikaja kuambiwa baadaye kwamba kwao mwanamke mdogo humpigia goti mkubwa, na yeye alishanitazama kutoka dirishani akaamua mimi ni mdogo. Na kwetu tunapiga goti pia, mnajua, ila nimpigie nani, na kwa lipi? Basi yeye anangoja goti langu, mimi nangoja salamu yake, na basi zima linatungoja.

Konda akasema, "Bibi, kaa, tunaondoka."

"Nangoja salamu."

"Salamu utaikuta Mbinga."

Nikausogeza ule mkoba, nikakaa. Upande wa pili wa njia alikaa mwalimu wa sekondari aliyekuwa anakwenda Mbamba Bay, Mwalimu Komba, kijana wa shati lililopigwa pasi, akajitolea kutafsiri Kiingereza. Nikamwambia, "Mweleze mimi ndiye mama yake Redempta." Akaeleza. Shangazi akajibu kwa maneno marefu, mkono unapanda unashuka, hadi bangili zikagonga kioo.

Mwalimu akasema, "Amefurahi."

"Mwalimu, yote yale ni amefurahi?"

"Ni namna yao ya kuongea, Bibi. Ina mapambo."

"Muulize ana umri gani."

"Bibi, mwanamke haulizwi umri."

"Haulizwi na mwanamume. Anayeuliza ni mimi."

Akauliza. Yule akacheka kwa pua, akasema neno moja fupi. Mwalimu akajikuna shingo. "Anasema yeye ni mkubwa kwako."

"Amejuaje?"

"Anasema ameona."

Tukaenda hadi Mbinga, mabega yanagusana kila kwenye kona, kila mmoja akijifanya ni kona iliyosukuma.

Mbinga

Hapa nitasema jambo ambalo litawaudhi wenye mikahawa, na waudhike. Tulipaswa kubadili basi. Tukaingia mgahawani sisi watatu, shangazi akaagiza kahawa. Ana haki, tangu Kitai amepita mibuni kushoto na kulia, amepita watu wameanika kahawa uani. Mhudumu akamletea kikombe cha maji ya moto na kipakiti cha kahawa ya unga iliyotoka sijui nchi gani. Shangazi akakichukua kipakiti kwa vidole viwili. Akaangalia mlima dirishani. Akaangalia kipakiti. Akaniangalia mimi.

Hapo hatukuhitaji Mwalimu. Nilielewa kila kitu, na niliona aibu ya wilaya nzima ikinikalia kichwani peke yangu, mimi niliyepalilia mibuni tangu nikiwa na meno ya utoto na sijawahi kuonja zaidi ya vikombe vya kuhesabika. Tunalima, tunauza, tunakunywa chai. Nikajibu kwa kumsogezea wali na maharage.

Akatoa kichupa kwenye mkoba wake, pilipili nyekundu iliyosagwa na mafuta, akamwagia hadi maharage yakapotea. Akaonja, akasema kitu.

"Anasema maharage ni laini," akasema Mwalimu.

"Mwalimu, niangalie machoni."

"Anasema yamepikwa kama ya mgonjwa."

Basi nikamwambia Mwalimu naye aonje hiyo pilipili ya wazima. Akaonja, kwa adabu. Alilia hadi basi lilipokuja, kola yote imelowa, na shangazi alikuwa anampigapiga mgongoni kwa upole kama amefiwa.

Mteremko wa kwenda Mbamba Bay

Barabara ya kuteremka ziwani siku hizi ina lami, lami nzuri, na kwa sababu hiyo madereva wamepoteza akili. Tulipofika katikati ya mteremko breki zikaanza kunuka. Dereva akasimamisha, konda akaruka na mawe akayaegesha nyuma na mbele ya matairi, tukaambiwa tushuke zipoe. Chini kabisa ziwa lilikuwa limelala, jeupe, halina mwisho.

Watu wakaanza kulalamika, mtoto mmoja akaanza kulia, akafuatwa na wengine. Ndipo yule mwanamke akasimama juu ya jiwe la barabarani, akapiga makofi mara mbili, akaita, "Aalo o!"

Watu wakageuka. Akamwambia Mwalimu kitu. Mwalimu akatangaza, "Anasema kwao hadithi ikianza, msimuliaji anaita hivyo, na watu wanaitikia: Aalo. Msipoitikia, hasimulii."

Akaita tena. Basi zima likaitikia, Aalo, kwa kicheko. Mimi sikuitikia. Nilifunga mdomo nikauangalia mguu wangu. Yeye akaniona.

Alisimulia habari ya Kobe aliyejifunga nguo za bibi harusi ili akale karamu ya watu, akafika mlangoni kwa wakwe, wazee wa mlangoni wakawa na wimbo wa kumpima mgeni. Mwalimu alikuwa anatafsiri nyuma yake kama mkokoteni. Sasa mimi hii ni kazi yangu tangu ujana, hadithi, kwenye matanga, kwenye kumenya mahindi, kwa hiyo nitasema kama fundi. Anatumia mikono mno. Anamtaja Kobe bila kusema ni mtoto wa nani na shamba lake liko wapi. Anawacheka watu wake kabla hawajakosea. Lakini kuna mahali Kobe amefika mlangoni, na yule mwanamke akanyamaza. Akanyamaza tu, anaangalia ziwa. Mtoto aliyekuwa analia akasahau kulia. Kunyamaza namna ile hakufundishwi. Nilikasirika zaidi kwa sababu hiyo.

Mbamba Bay hadi Liuli

Mwalimu alishuka Mbamba Bay akatuaga haraka, kwa furaha ambayo hakuificha. Tukapata gari dogo la mizigo linalokwenda Liuli, sisi wazee wawili mbele na dereva, nyuma magunia na vyuma vya baiskeli.

Nilidhani bila mkalimani tutauana. Ikawa kinyume, tukapumzika. Hakuna wa kulainisha, hakuna wa kupamba. Akinuna najua amenuna. Kwenye kijito kimoja chenye mchanga gari likazama, dereva akaenda kutafuta watu wa kusukuma, tukabaki tumekaa milango wazi. Akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba, imejaa hadi vifundo havionekani. Nikaiangalia. Akaona naangalia, akaashiria ya kwangu kwa kidevu. Nikavua ndala. Ya kwangu nayo ilikuwa kama magimbi. Tukaiangalia miguu yote minne kwa muda. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeificha pia.

Upande wa pili wa kijito mama mmoja alikuwa anapika. Akatuletea ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma. Shangazi akaugusa ugali kwa kidole, akaunusa, akasema "lafun," mara mbili, macho yamemtoka. Kumbe kwao wanao ugali huo huo. Alikula matonge makubwa bila kusema, na ukiacha pale jiweni, tangu Kitai ndiyo mara ya kwanza kumwona ananyamaza kwa hiari yake. Pilipili hakuitoa. Nikaliona hilo, nikaliweka moyoni, sikumpa sifa.

Liuli

Yetunde alitoka nyumbani mbio, gauni la buluu alilolitia rangi mwenyewe, mikono ya buluu hadi kwenye viwiko kama mtu aliyechuna mbingu. Alipotukaribia akasita. Mbele yake wanawake wawili, bega kwa bega, kila mmoja anangoja kuona goti litaelekea wapi. Mtoto yule ana akili. Akapiga goti kwenye mchanga katikati yetu, mahali ambapo kila mmoja angeweza kusema ni pake, akasema, "Shikamooni," halafu akasalimu kwa Kiyoruba, "E kaasan ma."

Nikasema marahaba. Yule akajibu la kwao, akamwinua kidevu, akamgeuza uso kushoto, kulia, kama anachagua bilauri sokoni. Macho yakamlowa. Lakini hakuita jina. Niliona Yetunde anangoja, shingo imenyooka, na nikaona jinsi alivyoshusha mabega jina lilipokosa kuja.

Kwenye chakula shangazi akaongea sana na mtoto, Kiingereza, Yetunde anajibu kwa kifupi. Nikamwambia, "Tafsiri, na usinifanyie ya Mwalimu Komba."

Akasema, "Bibi, anasema rangi yangu ni nyepesi, uji wangu ni mwepesi, na hadithi ya Kobe nimeijifunza kwenye simu kama mtu anayejifunza kuogelea kitandani. Anasema niende naye Abeokuta, mji wa kwao, nikatengenezwe."

"Utengenezwe kama baiskeli?"

Redempta akasema, "Mama, tafadhali."

"Mwambie," nikasema, "kama anataka kuchukua, aseme anachukua. Asiseme anatengeneza."

Yetunde akaweka kijiko chini. Akasema kwa Kiingereza kwanza, kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mimi sijaomba kuchukuliwa, Bibi. Sijaomba kutengenezwa. Nimeomba kuitwa. Baba alikuwa ananiita. Nataka kuitwa tu."

Redempta akaanza kukusanya vyombo.

Kesho yake mchana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Yetunde alikuwa amewaalika watu uani kwa mama yake, waone nguo na wasikie hadithi ya kwa baba yake. Nguo zilitundikwa kwenye kamba kuzunguka ua wote. Sikuwa nimeziona kwa pamoja. Nikaenda karibu na moja, kubwa, ya buluu nzito, imegawanywa miraba midogo midogo, safu kwa safu, na ndani ya kila mraba kuna kitu kidogo cheupe, hapa samaki, hapa jani la mbuni. Nikajua ninachokiangalia. Ni mashimo ya ngolo, yale tunayolimia mlimani, jinsi yanavyoonekana ukisimama juu ya shamba langu pale kwenye jiwe. Shamba langu, limetundikwa Liuli kwenye kamba ya nguo.

Shangazi alikuwa anaiangalia hiyo hiyo. Akapitisha kidole kwenye miraba. Nikasikia anamwambia Yetunde kitu, na Yetunde akaniambia kwamba kwao pia kitambaa hugawanywa miraba hivi hivi, kila mraba na picha yake. Nikasema, "Mwambie hilo ni shamba langu." Akamwambia. Yule akaniangalia uso. Mara ya kwanza, uso.

Watu wakajaa, wavuvi, wanawake wa kwaya, watoto. Sisi wawili tukawekewa viti mbele. Yetunde akasimama, akaita, "Aalo o."

Kimya.

Watu wa Liuli wangeambiwa "hadithi, hadithi" wangejibu "hadithi njoo" kabla hujafunga mdomo. Hili hawakulijua, na mtoto kwa woga alisahau kuwafundisha. Akaita tena, sauti imepungua. Mtu mmoja akakohoa. Msichana mmoja nyuma akasema, "Anaita nani?" wenzake wakacheka chini chini.

Nikamgeukia shangazi. Yeye ndiye mwenye neno hilo. Wa kumwitikia mtoto wa kaka yake ni yeye. Alikuwa amekunja mikono kifuani, mdomo ameufunga kabisa, ananitazama mimi.

Sasa niwaambie, nilikuwa na kila sababu ya kukaa kimya. Hadithi ikifia hapo, shangazi anaondoka na jina lake, mtoto anabaki, mambo yanaisha. Nililiona hilo waziwazi kama ninavyoiona karatasi hii. Lakini mimi nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote. Najua ilivyo unapoita na hakuna anayejibu. Hilo simtakii hata adui, na hata msimuliaji mbaya simtakii, na huyu ni wa kwangu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Aalo," nikasema, kwa sauti ya kumenya mahindi, sauti ya kufika ng'ambo.

Yetunde akanitazama kana kwamba paa limeongea. Akaita mara ya tatu, nikaitika, na sasa watoto wakaitika nami, kisha wanawake wa kwaya, maana hao hawawezi kusikia itikio likapita bila wao.

Akasimulia ile ya Kobe na nguo za bibi harusi. Alianza kwa kusema Kobe ni mtoto wa nani na shamba lake liko wapi. Hilo amelitoa kwangu. Kobe akafika mlangoni, na Yetunde akanyamaza, akaangalia ziwa, na hilo, sijui, labda ni damu. Kisha wazee wa mlangoni wakaimba wimbo wao wa kumpima mgeni. Ulikuwa wimbo wangu. Ule wa Kimatengo wa kwenye hadithi yangu ya fisi aliyekuja kuposa: mgeni wa mbali, tuone miguu yako. Redempta huuimba akishona, watoto wa mtaa wote wanaujua, basi ua wote ukaimba.

Shangazi akainama upande wangu, hajui wimbo, anaangalia midomo ya watu. Yeye sasa ndiye aliyekaa bila itikio. Niliacha akae hivyo mistari miwili, nimefaidi, sitasema uongo. Wa tatu nikamwimbia sikioni polepole, akaushika vibaya, akauimba hivyo hivyo.

Hadithi ilipokwisha akamuuliza Yetunde jambo, na Yetunde akatuambia wote wawili, "Anasema wimbo huo si wa kwao. Nimemwambia, wa baba siukumbuki. Nimetia wa Bibi."

Shangazi akainuka. Bila viatu, miguu ile imevimba, akatembea kwenye mchanga hadi kwa mtoto, Yetunde akapiga goti. Akamwekea mkono kichwani. Akaita, "Abeke." Akaita tena, na kila mara akaongeza maneno mengine nyuma yake, ya mababu nadhani, sauti imeshuka kama mtu anayemwamsha mtoto asubuhi bila kumshtua. Yetunde hakulia kwa sauti. Aliinamisha paji la uso hadi chini, mikono ya buluu imetandazwa, na mgongo wake ukawa unapanda na kushuka. Wivu ulinikalia pale kitini. Niliuacha ukae hapo, haukuzuia nisione.

Baadaye nikauliza kwa nini hakumwitikia mtoto. Yetunde akatafsiri: "Anasema alitaka kuona kama nina watu wa kuniitikia. Jina lile ukimwitia mtu asiye na watu, unaita upepo." Akaongeza, "Anasema maana yake ni mtoto tuliyeomba tumbembeleze. Anasema tulioomba ni wengi."

Kumbe mlango niliufungua mwenyewe. Na nilivyokuwa nimekosea: nilidhani akiitwa ataondoka. Aliitwa, akabaki, jioni akaosha vyombo, akanigombeza kwa kuacha dawa yangu ya presha nyumbani.

Kurudi

Shangazi alikuwa anabaki siku chache zaidi, wamalize ubishi wa uji. Nimewaacha wanakoroga sufuria moja, mmoja anasema mzito mwingine anasema mwepesi, kila mmoja kwa lugha yake. Mimi mibuni yangu hainingoji.

Asubuhi gari la mizigo lilipokuja nikapanda mbele, Redempta akaniwekea mfuko wa usipa wakavu, dagaa wa ziwani, huo ambao nusu yake mmeshanimalizia. Shangazi akatoka nyumbani, kichwa kitupu safari hii, nywele nyeupe kuliko zangu. Akasimama mbele ya mlango wa gari. Mimi nikangoja. Yeye akaangalia magoti yangu. Magoti yangu hayajakunjika sawasawa tangu pasaka ile nilipoanguka mtoni, na miguu yake ilikuwa bado haiingii kiatuni. Dereva anapasha injini moto.

Akafungua mdomo, akaimba. Kimatengo, wimbo wangu, ameuvunja kila mahali panapovunjika. Mgeni wa mbali, tuone miguu yako.

Nikavuta kanga juu, nikautoa mguu nje ya gari, wote, hadi kwenye goti.

Dereva akasema, "Bibi, rudisha mguu ndani, nafunga mlango."

Nikamwambia angoje kidogo, nasalimiwa.

Basi mmesikia. Shikamoo hakusema, na mimi goti sikupiga. Lakini aliyeanza ni yeye.